Seva Inapogoma Kuwaka: Konsoli ya Siriali Inavyomwonesha Ofisa TEHAMA Mahali Mfumo Ulipokwama

Umeme ukikatika usiku katika ofisi ya halmashauri na betri za akiba zikaisha nguvu kabla jenereta haijawashwa, seva huzimika ghafla bila kupata nafasi ya kufunga mafaili yake. Asubuhi umeme umerudi, taa za seva zinawaka na feni zinazunguka, lakini dirisha la mapato halitoi namba ya malipo, mapokezi ya hospitali yamerudi kwenye daftari, na wananchi wanaombwa wavumilie kwa kuwa "mtandao uko chini". Mara nyingi mtandao hauko chini. Kilichotokea ni kwamba mfumo endeshi wa seva umeanza safari ya kuwaka na ukakwama njiani.

Ofisa TEHAMA anayejaribu kuingia kwenye seva hiyo kutoka mezani kwake kwa njia ya SSH hapati jibu lolote. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Huduma ya SSH ni miongoni mwa zile zinazowashwa mwishoni, baada ya diski kusomwa, kiini cha mfumo endeshi kupakiwa, mafaili kufunguliwa na kadi ya mtandao kupewa anwani. Hatua moja tu ikishindikana kabla ya hapo, SSH haifikiwi. Hivyo chombo kinachotegemewa kila siku ndicho kinachokosekana siku ya tatizo, na huenda seva yenyewe iko katika chumba kilichofungwa kwenye makao makuu ya wilaya nyingine, bila skrini wala kibodi.

Katika mazingira hayo hufanyika uamuzi ambao umezigharimu ofisi nyingi: kufuta diski na kuweka mfumo endeshi upya, kazi ambayo mafundi wa mitaani huiita "kupiga upya". Uamuzi huo huonekana wa haraka, lakini mara nyingi tatizo lililoizuia seva kuwaka ni mstari mmoja ulioandikwa vibaya katika faili la maandishi, wakati kumbukumbu za wagonjwa, stakabadhi za wafanyabiashara na orodha za watumishi zimo salama kwenye diski. Zikifutwa, na nakala rudufu ikiwa ya zamani au haipo, hakuna fundi anayeweza kuzirejesha. Ni hapa ndipo konsoli ya siriali inapokuwa na thamani, kwa kuwa seva iliyokwama kwa kawaida husema kwanza ilikokwama. Kinachokosekana ni mtu wa kuisikiliza na njia ya kuisikilizia.

Konsoli ni mahali ambapo mfumo endeshi huandika taarifa zake na kupokea amri za msimamizi. Konsoli ya siriali ni ile ambayo taarifa hizo hazipelekwi kwenye skrini, bali hutumwa kwenye waya, biti moja baada ya nyingine, hadi kwenye kompyuta nyingine inayozionesha kama maandishi. Teknolojia hii ni kongwe. Kiwango cha RS-232 kinachoiongoza kilitolewa nchini Marekani mwaka 1960, wakati ambapo msimamizi wa kompyuta alikaa mbele ya mashine ya kuchapa iliyounganishwa kwa waya. Jina la mashine hizo, teletype, bado linaishi ndani ya Linux: kila konsoli huitwa tty, na mlango wa kwanza wa siriali huitwa ttyS0.

Ukongwe huo ndio nguvu yake. Kadi ya mtandao inahitaji draiva, anwani na huduma kadhaa ili ifanye kazi. Skrini inahitaji kadi ya picha. Mlango wa siriali hauhitaji zaidi ya programu fupi sana, kiasi kwamba unaweza kuanza kutoa maandishi tangu sekunde za mwanzo baada ya umeme kuingia, na ukaendelea kutoa hata pale kiini cha mfumo endeshi kinapoanguka. Nyaya 3 zinatosha: mmoja wa kutuma, mmoja wa kupokea na mmoja wa kurudishia mkondo.

Vifaa vinavyohitajika navyo si vya gharama kubwa. Seva nyingi zina mlango wenye pini 9 kwa nyuma. Kwa kuwa kompyuta mpakato za siku hizi hazina mlango huo, hutumika kigeuzi cha kutoka USB kwenda siriali. Kati ya kigeuzi na seva huwekwa kebo iliyopishanishwa nyaya, yaani pini ya 2 ya upande mmoja inakwenda pini ya 3 ya upande mwingine, ili kinachotumwa huku kipokelewe kule. Kebo ya kawaida isiyopishanishwa huunganisha mtumaji na mtumaji, na matokeo yake ni skrini tupu. Inafaa pia kutofautisha mlango huu na pini za siriali zilizo kwenye vibao vidogo vya kielektroniki. RS-232 hutumia volti kati ya 3 na 15, chanya na hasi, wakati vibao vingi vidogo hutumia volti 3.3 tu, hivyo kuviunganisha moja kwa moja kunaweza kuviunguza.

Kwenye kompyuta mpakato hufunguliwa programu kama PuTTY kwa wanaotumia Windows, au minicom na screen kwa wanaotumia Linux. Jambo la kukubaliana ni kasi. Seva na kompyuta mpakato zote mbili lazima ziwekwe kasi ileile, ambayo kwa seva za sasa aghalabu ni biti 115,200 kwa sekunde na kwa vifaa vya zamani na vingi vya mtandao ni 9,600. Kila herufi hubebwa na biti 10, yaani 8 za herufi yenyewe, moja ya kuanzia na moja ya kumalizia. Maana yake ni kwamba kasi ya 9,600 hupitisha herufi 960 kwa sekunde, na ukurasa mzima wa skrini wenye mistari 25 ya herufi 80 huchukua zaidi kidogo ya sekunde 2. Kwa kasi ya 115,200 ukurasa huohuo hupita ndani ya robo ya sekunde.

Ishara mbili huwachanganya wanaoanza. Ya kwanza ni kuona alama zisizosomeka badala ya maneno. Hiyo karibu kila mara huwa ni tofauti ya kasi, na si ubovu wa seva. Dawa yake ni kujaribu kasi nyingine. Ya pili ni kuona maandishi vizuri lakini kila herufi inayobonyezwa haifiki. Hapa chanzo huwa ni mpangilio wa udhibiti wa mtiririko kwa njia ya waya, ambao katika minicom huweza kuwa umewashwa tangu mwanzo. Programu husubiri ruhusa kupitia waya ambao kebo ya nyaya 3 haina. Mpangilio huo ukizimwa, kibodi hufanya kazi papo hapo.

Kazi kubwa zaidi, na ambayo ndiyo hasa inayosahaulika, ni maandalizi. Konsoli ya siriali haijiwashi yenyewe kikamilifu siku ya tatizo. Huandaliwa wakati seva ni nzima. Maandalizi yenyewe yana sehemu 3, kwa kuwa kuwaka kwa seva ni kama mbio za kupokezana kijiti, na kila mkimbiaji anapaswa kuambiwa peke yake aandike wapi.

Mkimbiaji wa kwanza ni programu iliyohifadhiwa kwenye ubao mama, BIOS au UEFI, ambayo hukagua kumbukumbu na kutafuta diski ya kuanzia. Katika menyu zake kuna sehemu ya kuelekeza konsoli kwenye mlango wa siriali, na hapo huchaguliwa mlango na kasi. Mkimbiaji wa pili ni programu kianzishi, ambayo katika seva nyingi za Linux ni GRUB. Hii huoneshwa njia kwa kuandika mistari ifuatayo katika faili la /etc/default/grub:

GRUB_TIMEOUT=10
GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu
GRUB_TERMINAL="console serial"
GRUB_SERIAL_COMMAND="serial --unit=0 --speed=115200"

Mistari 2 ya mwanzo ina umuhimu kuliko inavyoonekana. Mifumo mingi huficha menyu ya GRUB na kumtaka msimamizi ashikilie kitufe cha Shift ili kuiona. Kupitia waya wa siriali kitufe hicho hakiendi popote, kwa sababu Shift peke yake si herufi na waya hubeba herufi tu. Menyu isipopewa sekunde zake za kusubiri, msimamizi anaweza kuikosa kabisa kila seva inapowashwa.

Mkimbiaji wa tatu ni kiini cha Linux chenyewe. Katika faili hilohilo, kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX, huongezwa maneno haya:

console=tty0 console=ttyS0,115200n8

Mpangilio wa maneno hayo si wa kubahatisha. Kiini huandika ujumbe wake kwenye konsoli zote zilizotajwa, lakini inayotajwa mwisho ndiyo inayokuwa konsoli kuu, ambako programu ya kwanza kabisa, systemd, huandika taarifa zake. Ikiwa tty0 itatajwa mwisho, msimamizi aliye kwenye waya ataona ujumbe wa kiini, kisha maandishi yatakatika katikati ya safari na atadhani seva imeganda pale, kumbe inaendelea kuzungumza na skrini ambayo haipo. Aidha, neno quiet liondolewe, kwa kuwa kazi yake ni kuificha sehemu kubwa ya ujumbe ambao ndio unaotafutwa. Baada ya mabadiliko hayo huendeshwa update-grub katika Debian na Ubuntu, au grub2-mkconfig katika jamii ya Red Hat, ili yaanze kutumika. Systemd ikikuta ttyS0 imetajwa kuwa konsoli ya kiini, yenyewe huweka pale dirisha la kuingilia kwa jina na nywila.

Seva ikiwa imeandaliwa hivyo, uchunguzi huanza na swali moja: je, mstari wa mwisho ulioandikwa ni wa nani?

Ikiwa hakuna chochote kilichoandikwa, hata cha ubao mama, basi kabla ya kuilaumu programu yoyote hukaguliwa kebo, kasi, umeme na kumbukumbu ya seva. Ikiwa ubao mama umemaliza ukaguzi wake na kulalamika kwamba hauoni diski ya kuanzia, mfumo endeshi bado haujaguswa; tatizo liko kwenye diski, kwenye kidhibiti chake, au kwenye mpangilio wa diski ipi ianze, ambao huweza kupotea betri ndogo ya ubao mama inapokwisha. Pakionekana maneno "grub rescue>", kianzishi kimeanza lakini hakipati sehemu ya diski yenye mafaili yake mengine. Hali hii hutokea sana baada ya mtu kugawa diski upya au kuhamisha diski kutoka nafasi moja kwenda nyingine.

Ujumbe unaoogopwa kuliko yote ni ule unaoanza na "Kernel panic". Mara nyingi hukamilika hivi:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Maana yake ni kwamba kiini kimewaka lakini hakikuipata sehemu ya diski yenye mfumo endeshi. Mtu asiyejua huweza kuhitimisha kuwa diski imekufa. Hata hivyo, sifuri mbili zilizo mwishoni huashiria jambo jingine: kiini hakikuona kifaa chochote cha kujaribu, na sababu ya kawaida ni kukosekana kwa initramfs, yaani furushi dogo la draiva ambalo hupakiwa pamoja na kiini. Furushi hilo hutengenezwa kila kiini kinaposasishwa, na huhifadhiwa kwenye /boot. Sehemu hiyo ya diski ikijaa matoleo ya zamani, sasisho huishia njiani: kiini kipya kimewekwa, furushi lake halikukamilika. Seva huendelea kufanya kazi kwa wiki au miezi bila dalili yoyote, kwa kuwa haijazimwa. Siku umeme unapokatika ndipo deni hilo hudaiwa, na lawama zote huangukia umeme.

Tiba yake, kupitia waya uleule, ni ya dakika chache. Seva huwashwa upya, kwenye menyu ya GRUB huchaguliwa toleo la awali la kiini ambalo furushi lake ni zima, na seva huwaka. Kisha matoleo yasiyohitajika huondolewa kwa utaratibu wa mfumo ili kupata nafasi, na furushi hutengenezwa upya kwa update-initramfs au dracut. Diski haikuguswa wala data haikupotea.

Kisa kingine cha kawaida hakina hofu kubwa kwa sura, lakini huwapotezea watu siku nzima. Konsoli huonesha mstari unaohesabu sekunde, ukisema kuna kazi inayosubiri kifaa fulani cha diski. Hesabu hufika sekunde 90, kisha huja taarifa kwamba kitu kingine kimeshindwa kwa sababu kinakitegemea cha kwanza, na mwishoni maneno haya: "You are in emergency mode". Seva iko katika hali ya dharura na inataka nywila ya msimamizi mkuu.

Hapa kosa hupatikana karibu kila mara katika faili la /etc/fstab, linaloorodhesha sehemu za diski zinazopaswa kufunguliwa wakati wa kuwaka. Mtu aliunganisha diski ya nje kwa ajili ya nakala rudufu, akaiandika humo, halafu diski ikachomolewa na kupelekwa ofisi nyingine. Mfumo endeshi hauwezi kujua kwamba diski hiyo haikuwa ya lazima. Uliambiwa iwepo, haipo, hivyo unasimama ili usije ukaendesha huduma juu ya mafaili yasiyokamilika. Msimamizi huingiza nywila, huendesha blkid ili kuona diski zilizopo kweli, hulinganisha na orodha ya fstab, na huweka alama # mbele ya mstari usio na diski yake. Ikiwa diski hiyo itarudi siku zijazo, neno nofail likiongezwa kwenye mstari wake huiambia seva iendelee kuwaka hata isipoikuta.

Katika Ubuntu na baadhi ya mifumo mingine akaunti ya msimamizi mkuu hufungwa tangu mwanzo, hivyo hali ya dharura hukataa kumpokea yeyote. Njia iliyobaki ni kurudi kwenye menyu ya GRUB, kubonyeza herufi e, kwenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, kuongeza init=/bin/bash, kisha kubonyeza Ctrl na x kwa pamoja. Seva hufungua dirisha la amri bila kuwasha huduma yoyote. Kwa kuwa diski hapo huwa inasomwa tu, huanza amri ya mount -o remount,rw / kabla faili halijarekebishwa. Badiliko lililofanywa kwenye menyu ya GRUB hudumu kwa kuwaka huko kumoja tu, na hivyo msimamizi anaweza kujaribu bila kuogopa kuacha kosa la kudumu.

Baada ya kukatika kwa umeme, konsoli huonesha pia taarifa za kukagua mafaili. Zipo zinazotisha bure na zipo zinazostahili kuogopwa. Mstari unaosema mfumo unarejesha kumbukumbu zake za mwisho, "recovering journal", ni wa kawaida kabisa baada ya kuzimika ghafla na hautakiwi kukatizwa. Maneno "RUN fsck MANUALLY" humtaka msimamizi akague mwenyewe sehemu hiyo ya diski ikiwa imefungwa. Lakini mistari yenye "I/O error" ikijirudia kwa diski ileile, namba za sekta zikibadilika, diski yenyewe inaelekea kufa. Katika hali hiyo kuendesha fsck ni kuifanyisha kazi nzito diski isiyo na nguvu. Kinachotangulia ni kuinakili yote kwenda diski nyingine kwa programu kama ddrescue, na ukarabati kufanyika kwenye nakala. Kuitambua tofauti hiyo mapema ndiko kunakoamua kama data itapona.

Yote hayo yanamhitaji mtu aliye karibu na seva akiwa na kebo. Kwa ofisi iliyo umbali wa saa 5 kwa gari, hiyo bado ni safari. Seva nyingi za ofisi zina suluhisho ndani yake: kompyuta ndogo iliyo kwenye ubao mama, ambayo hupata umeme wake hata seva ikiwa imezimwa, na ambayo ina anwani yake ya mtandao. Kupitia kiwango cha IPMI toleo la 2.0 la mwaka 2004, kompyuta hiyo hupokea maandishi ya mlango wa siriali na kuyatuma kwenye mtandao. Amri huwa hivi, anwani na jina vikiwekwa mahali pake:

ipmitool -I lanplus -H anwani -U jina sol activate

Mambo mawili husumbua hapa. Kwanza, katika seva nyingi konsoli hii ya mbali huunganishwa na mlango wa pili wa siriali, hivyo maandalizi yote yaliyotajwa hutakiwa kuandikwa ttyS1 badala ya ttyS0, na katika GRUB unit=1. Pili, kutoka humo hufanyika kwa kuandika ~ ikifuatiwa na nukta. Msimamizi aliyefika hapo kwa kupitia SSH atashangaa kuona SSH yenyewe ndiyo inayofungwa, kwa sababu nayo hutumia alama hizohizo. Dawa ni kuandika ~ mara mbili kabla ya nukta. Kwa seva za mtandaoni zisizoonekana kwa macho, watoa huduma wakubwa nao wana konsoli ya siriali katika kurasa zao za usimamizi, na kwa mashine pepe zilizo kwenye seva ya ofisi amri ya virsh console hufanya kazi hiyohiyo.

Windows Server nayo haikuachwa. Ina huduma ya usimamizi wa dharura ambayo huwashwa kwa amri ya bcdedit /ems on, kisha mlango na kasi huwekwa kwa bcdedit /emssettings. Ikishawashwa, msimamizi aliye kwenye waya wa siriali hupata dirisha dogo linaloitwa SAC, ambamo anaweza kuona anwani za mtandao, kuzibadilisha, kufungua dirisha la amri au kuwasha seva upya.

Dunia ilioneshwa uzito wa jambo hili tarehe 19 Julai, 2024. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa mitandao ya CrowdStrike ilisambaza faili la sasisho lenye kasoro kwa kompyuta za Windows za wateja wake. Faili hilo liliondolewa baada ya dakika 78, lakini kompyuta zilizokwisha kulipokea zilianguka na kushindwa kuwaka tena. Microsoft ilikadiria kuwa zilikuwa milioni 8.5. Tiba yake ilijulikana siku hiyohiyo: kuingia katika hali salama na kufuta faili moja. Ugumu ulikuwa kuzifikia. Zana za kawaida za kusimamia kompyuta kwa mbali huwashwa baada ya mfumo endeshi kuwaka, na mfumo endeshi haukuwa unawaka, hivyo katika mashirika mengi mafundi walilazimika kwenda kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Pale diski zilipokuwa zimefungwa kwa usimbaji wa BitLocker, walihitaji pia ufunguo wa urejeshaji wa kila moja, na wapo waliokuwa wamehifadhi funguo hizo ndani ya seva ambazo nazo zilikuwa zimeanguka.

Njia inayofika mapema kiasi hicho ni lazima ilindwe. Mtu aliye kwenye konsoli na anayeweza kuhariri menyu ya GRUB anaweza kuwa msimamizi mkuu bila nywila, kama mfano wa init=/bin/bash unavyoonesha. Kwa hiyo GRUB huwekewa nywila yake kwa ajili ya uhariri, na chumba cha seva hufungwa. Kwa upande wa IPMI tahadhari ni kubwa zaidi. Tangu mwaka 2013 inafahamika kwamba muundo wa toleo la 2.0 humwezesha mtu yeyote anayefikia anwani yake kuomba muhtasari uliosimbwa wa nywila na kwenda kuukisia kwa nafasi yake. Kasoro hiyo imo ndani ya kiwango chenyewe. Anwani hizo zinapaswa kukaa katika mtandao wa usimamizi uliotengwa, usiofikiwa kutoka intaneti, na nywila zilizokuja na seva kutoka kiwandani zibadilishwe siku seva inapopokelewa.

Yapo pia mambo ambayo konsoli ya siriali haiwezi kuyafanya. Haiinui diski iliyokufa, wala haichukui nafasi ya nakala rudufu. Kazi yake ni kuonesha, na kinachooneshwa kisipohifadhiwa hupotea: seva inapokwama kabla ya kufungua diski zake, ujumbe wake hauandikwi kwenye faili lolote ndani yake. Ndiyo maana PuTTY, minicom na screen zote zina uwezo wa kuhifadhi maandishi yaliyopita, na kwa ofisi yenye seva nyingi programu kama conserver huweza kukaa kwenye kompyuta moja na kurekodi konsoli zote usiku na mchana. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayotumwa kwa mtaalamu wa makao makuu au kwa muuzaji wa seva, badala ya picha ya simu ya mstari wa mwisho.

Jaribio la kujua kama maandalizi yamekamilika hufanyika siku ya matengenezo iliyotangazwa kwa watumiaji. Kebo huunganishwa, seva huwashwa upya kwa makusudi, na msimamizi hukaa akitazama. Anapaswa kuona maandishi ya ubao mama, menyu ya GRUB anayoweza kupanda na kushuka ndani yake, ujumbe wa kiini, orodha ya huduma zinazowaka, na mwishoni dirisha la kuingilia. Pale maandishi yanapokatika ndipo mpangilio wa mkimbiaji mmojawapo haujakamilika. Kasi iliyotumika, namba ya mlango na anwani ya IPMI huandikwa kwenye karatasi inayobandikwa ndani ya mlango wa kabati la seva, na kebo pamoja na kigeuzi huachwa humohumo ndani ya mfuko.